Jina Lililokuja la Pili

Wanafunzi walimwita Bi Hali Mbaya, na wala hawakumtukana. Hakuna kipindi alichofundisha bila kuuliza, "Haya, na hali ikiwa mbaya kabisa, itakuwaje?" Mwanafunzi angekuja na algoriti yake, yaani zile hatua ambazo kompyuta inafuata mpaka ipate jibu, anajisifu kwamba ameijaribu na inakwenda mbio ajabu. Bi Hali Mbaya angetikisa kichwa. "Imekwenda mbio kwa sababu data umeichagua wewe unayeipenda. Mpe adui yako akuchagulie, halafu uje tuongee." Darasa zima linaangua kicheko, na mwenye algoriti anarudi kwenye kiti chake kichwa chini. Hata mwenyewe alicheka. Enzi hizo alikuwa mtu wa kucheka.

Alifundisha chuo kikuu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chumba alichogawana na mashine mbovu ya fotokopi, mabunda ya mitihani ya miaka iliyopita, na ubao mweupe uliokataa kufutika vizuri, kwa hiyo kila alichoandika leo kilikaa juu ya kivuli cha jana. Shahada ya uzamivu alikuwa nayo. Ajira ya kudumu hakuwa nayo. Alikuwa mhadhiri wa mkataba, na wewe kama hujawahi kuishi kwa mkataba shukuru: kila mwaka unakwenda kupiga hodi mlango uleule, unajieleza upya kwa watu walewale, kana kwamba ndiyo kwanza umeshuka kwenye basi.

Basi ikatangazwa nafasi moja ya kudumu kwenye idara yao. Moja tu. Na sharti lake kubwa lilikuwa hili: mwombaji awe na angalau makala moja iliyokubaliwa kwenye kongamano kubwa la fani yake, kazi aliyoiongoza mwenyewe. Kukubaliwa ndiko alikokuogopa Bi Hali Mbaya, kwa sababu kongamano la watu wa algoriti na nadharia ya ukokotoaji si mchezo. Wanapeleka wengi, wanarudishwa wengi. Kuhusu lile neno "aliyoiongoza mwenyewe" hakuwa na wasiwasi hata chembe. Aiongoze nani mwingine?

Kazi yenyewe aliianzia hospitalini, siku alipompeleka mama mkwe wake kupimwa macho. Walikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Mbele yao alisimama mama mmoja aliyekuwa akiwagawa wagonjwa madirishani: wewe nenda lile, wewe nenda hili. Anagawa papo hapo, hajui nani anaingia mlangoni dakika ijayo, na akishakupeleka dirisha hakurudishi. Mama mkwe alilalamika kwamba yule mama hana akili. Bi Hali Mbaya akawa anatazama kinywa wazi. Hana akili vipi? Anaamua leo mambo ya kesho asiyoyaona! Je, kuna namna ya kugawa ambayo hata adui akikupangia foleni, hutaaibika sana? Na huko kuaibika kunaweza kushushwa mpaka wapi?

Swali hilo lilikaa naye nyumbani, jikoni, bafuni. Kazi ya watu hawa haina maabara wala sampuli wala koti jeupe. Ni kichwa na ubao. Mumewe, fundi friji mwenye mdomo usio na breki, aliwaambia wateja wake, "Mke wangu kazi yake kutazama ukuta. Na akiutazama vizuri anapandishwa cheo." Bi Hali Mbaya alimwacha aseme. Alikosea, akafuta, akakosea tena, mpaka akapata njia yake ya kugawa, na baada ya hapo akapata lililo gumu zaidi: akathibitisha kwamba hakuna binadamu wala mashine itakayopata njia bora kuliko hiyo. Ukifanya ujanja wowote unaoujua, ipo foleni itakayokuumbua kiasi kilekile. Siku uthibitisho ulipokaa sawa aliimba kwenye ngazi zote mpaka chini, na sauti hana, maskini.

Sasa Profesa naye anaingiaje? Profesa alikuwa mkuu wa idara, na ndiye aliyemfundisha Bi Hali Mbaya tangu shahada ya kwanza. Mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na sauti ya kubembeleza, anayekuita mwanangu hata akikunyima. Bi Hali Mbaya alimpelekea kurasa zake. Akazisoma za mwanzo akiwa amesimama, kaegemea kabati, akauliza, "Na kama wote wakifika kwa pamoja, mwanangu?" Swali zuri, tusimdhulumu. Lilimfanya Bi Hali Mbaya arudi akaandike upya kipande kimoja cha hoja. Na kwa swali hilo moja akaweka jina la Profesa kwenye makala kama mwandishi mwenzake.

Swali moja jamani! Kila anayeuliza swali akiandikwa, makala itakuwa daftari la mahudhurio. Lakini ndivyo alivyolelewa na fani yake na nyumbani kwao: aliyekupa hata kidogo, mtambue.

Wakati wa kupeleka ulipofika, alifanya kama kongamano linavyotaka. Watu hawa wanapokea kazi bila majina, ili wahakiki wasijue ni ya mkubwa au ya mdogo, ya chuo chenye jina au cha pale kwenye lifti iliyokufa. Unafuta jina lako, unafuta la chuo, unafuta hata shukrani. Ukiandika mahali "kama tulivyoonyesha huko nyuma," umeshajitaja. Alipekua mstari kwa mstari. Wenzake wa fani hupenda kusubiri mpaka siku ya mwisho ya kupokea kazi iishe hata kwenye kisiwa cha mwisho duniani ndipo wabonyeze. Yeye aliituma mchana kweupe, kwa sababu umeme wa jengo lile aliujua tabia zake.

Halafu akangoja. Kungoja huko usimwombee mtu. Alifungua barua pepe akiwa anakoroga chai, akiwa anasahihisha, akiwa foleni ya benki. Mumewe akamwambia, "Mama watoto, hiyo simu utaitoboa." Lilipokuja jibu, alikuwa kafungua bila kutegemea, kama mtu anayefungua friji kwa mazoea. Imekubaliwa. Mhakiki mmoja alilalamikia mchoro, mwingine akaandika kwamba uthibitisho ni mfupi na safi na angetamani kuwa ameupata yeye. Maneno hayo aliyasoma mpaka akayajua kwa moyo. Mtu asiyemjua sura wala jina wala jinsia, aliyepima kazi kama kazi, alitamani kuwa yeye! Alishuka ngazi mbio mpaka kwenye karakana ya mumewe, akamkuta kalala chini ya friji, miguu tu ndiyo inaonekana, akaipigia miguu kelele. Fundi alitoka na masizi usoni wakakumbatiana mbele ya wateja.

Baada ya kukubaliwa ndipo majina yanarudishwa, maana toleo la mwisho lazima liwe na wenyewe. Na hapa inabidi nieleze desturi moja, kwa sababu ndiyo iliyomla. Kwenye sayansi nyingine jina la kwanza lina maana: ndiye aliyefanya kazi. Kwa watu wa nadharia ya algoriti, majina yanapangwa kwa alfabeti, basi, kama majina darasani. Wa kwanza si mkubwa, wa mwisho si mdogo. Haijaandikwa mahali popote kwamba ni sheria, lakini wote wanaifuata, na wanajivunia kuifuata. Jina la ukoo la Profesa lilikuwa mwanzoni kabisa mwa alfabeti. La Bi Hali Mbaya lilikuwa huko mkiani.

Alipompelekea Profesa toleo la mwisho alitie jicho, yule mzee akalitazama, akavua miwani. "Mwanangu, jitangulize wewe. Kazi ni yako hii."

Na yeye akacheka! "Ah, Profesa, watatucheka. Wataona majina yamepinduliwa, watasema hawa wametokea wapi?"

"Nakwambia tu. Jitangulize."

"Hapana, Profesa. Kwetu hatufanyi hivyo."

Hapo ndipo ninapotamani kumshika mabega nimtikise. Kwetu! Alitaka sana kuwa mtu wa kwao, wa wale walio mbali wanaosoma uthibitisho mfupi na safi na kuujua thamani yake, kiasi kwamba alisahau ni akina nani hasa wanaoshika kalamu ya maisha yake. Alipomsimulia mumewe, fundi friji aliacha kutafuna. "Kwani ukijitanguliza, polisi wanakuja?" Akamjibu kwamba hawezi kuelewa, ni mambo ya kitaaluma. Mume akamalizia chakula chake.

Kamati ya ajira ilikaa kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya ngozi ya bandia vinavyolia ukijisogeza. Mwenyekiti alikuwa bingwa wa magonjwa ya mifugo, mtu mzito, mkweli, asiyekuwa na chuki na mtu. Pembeni wa kilimo, wa uchumi, wa elimu. Profesa alikuwamo pia kama mkuu wa idara, amekaa karibu na dirisha. Bi Hali Mbaya alipoingia alimwona akafarijika. Moyoni alisema, angalau yupo mmoja anayejua.

Walimuuliza kuhusu ufundishaji, akajibu. Walimuuliza kuhusu kazi yake, akawaeleza yule mama wa hospitali na madirisha yake, wakatabasamu. Kisha mwenyekiti akainua makala.

"Hii hapa nzuri. Lakini naona wewe ni wa pili."

"Ndiyo, mwenyekiti. Kwenye fani yetu tunapanga majina kwa alfabeti."

"Kwa alfabeti?" Mwenyekiti akawageukia wenzake. "Kwetu sisi, wa kwanza ndiye aliyeshika kisu. Wa mwisho ndiye mwenye maabara. Wewe mama, una maabara?"

Wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa adabu. "Sina, mwenyekiti. Ni desturi tu. Wa kwanza hana maana yoyote."

"Hana maana," alirudia yule wa uchumi, na ukimsikia unajua hajaamini.

"Bahati nzuri mwenzake tunaye hapahapa," mwenyekiti akasema. "Profesa, ndivyo ilivyo?"

Profesa alivua miwani. Akaipangusa polepole kwa ncha ya tai. Bi Hali Mbaya alikuwa ameshaanza kutabasamu, kwa sababu sentensi inayotakiwa ilikuwa fupi: kazi ni yake. Mzee aliwahi kuisema kwa mdomo wake, pale ofisini, bila kulazimishwa na mtu.

"Desturi ipo," Profesa alisema. "Wengi wanaifuata. Lakini ili tutende haki, niseme na hili. Mimi mwenyewe nilimwambia ajitangulize. Nilimwambia mara mbili. Akakataa."

Kiti cha mtu kikalia. Mwenyekiti akamtazama Bi Hali Mbaya juu ya karatasi. "Ni kweli, mama? Uliambiwa ujiweke wa kwanza ukakataa?"

"Ni kweli, lakini nilikataa kwa sababu..."

"Ulikataa."

"Ndiyo, kwa sababu kwetu..."

"Tumekusikia, mama. Asante sana. Na ni jambo la kupongezwa, mtu kutochukua kisicho chake."

Akapongezwa! Wakaitikia wote kwa vichwa, kwa heshima kabisa, jinsi watu wanavyomwitikia mtu mwaminifu aliyerudisha pochi iliyookotwa. Bi Hali Mbaya alimtazama Profesa. Profesa alikuwa anaangalia nje dirishani. Na yeye angesema nini? Kwamba Profesa ni mwongo? Hakusema uongo hata nusu neno. Alitoka, akafunga mlango taratibu usije ukagonga, na kwenye ngazi akaketi kwenye kipandio kama mgonjwa, wanafunzi wakimpita na shikamoo zao.

Nafasi akapewa mwingine, kijana wa mitandao ya simu mwenye makala ambayo jina lake lilikuwa mbele. Sina ugomvi naye, hakumkosea mtu. Bi Hali Mbaya aliongezewa mkataba, na barua ilimshukuru kwa moyo wake wa kujitolea. Muhula haujaisha, likatoka tangazo jingine ubaoni: mkuu wa idara, ambaye wote walimwita Profesa kwa heshima tu lakini kwenye karatasi alikuwa profesa mshiriki aliyekwama miaka, amepandishwa kuwa profesa kamili. Kati ya kazi zilizotajwa, ya juu kabisa ilikuwa ile ya madirisha. Hapo ndipo alipoelewa yule mzee alikuwa anapangusa nini kwenye miwani. Makala ni moja, na kamati ile ilihesabu mwenye kazi mmoja tu. Siku ile ilibidi awe Profesa au awe yeye. Na kwa kuwa utaratibu wa chuo ni kumsafirisha mwandishi wa kwanza, tiketi ya kwenda kwenye kongamano ilitoka kwa jina la Profesa.

Huko kongamanoni, ona uchungu wake, wangejua. Huko kila mtu angesoma majina mawili na kuuliza, kati yenu ni nani aliyeipata? Mahali pekee duniani ambapo kuwa wa pili hakuna maana ndipo mahali ambapo hakupelekwa.

Wiki ya safari, Profesa akapanda ngazi zote mpaka ofisini kwa Bi Hali Mbaya, anahema, kashika makala mkononi. Akasogeza mabunda ya mitihani, akaketi juu ya fotokopi mbovu.

"Mwanangu, nisaidie kidogo. Sehemu ya tatu, pale adui anapopanga foleni. Nataka nisimame nayo vizuri mbele za watu."

Bi Hali Mbaya alimtazama. Alimwangalia shati, miwani, karatasi zisizo na alama hata moja ya kalamu kuanzia ukurasa wa kati. Hakuwahi kuisoma mpaka mwisho. Alipoulizwa mbele ya kamati kazi ni ya nani, mzee huyu alikuwa hata hajui kazi yenyewe inasema nini.

Angeweza kumfukuza. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga, na mengine hayaandikiki. Lakini akamwona kwa akili yake, kasimama mbele ya ukumbi wa wale watu, yule mhakiki aliyetamani kuwa ndiye mwenye uthibitisho akiwa kakaa mstari wa mbele, na mzee anababaika, anaruka hatua, anasema "na kwa hiyo ni dhahiri" mahali ambapo si dhahiri hata kidogo. Akachukua kalamu ya ubao.

Alimfundisha. Alianza na madirisha mawili, akaja matatu, akamleta adui, akamwonyesha jinsi adui anavyosubiri ukosee na jinsi asivyo na haraka. Mzee aliuliza maswali ya mwanafunzi wa mwaka wa pili naye akayajibu kwa subira ile ile ya darasani. Na ilipofika hatua ya mwisho, ile inayofunga kila kitu, Profesa akashuka kwenye fotokopi na kusogelea ubao. Uso wake ulifunguka.

"Lo!" alisema. "Kumbe ndiyo hivi! Mwanangu, hii ni nzuri mno."

Alisema kwa dhati, na hilo ndilo baya zaidi. Miaka yote ndani ya jengo lile hakuna aliyewahi kumwambia hivyo kwa kuielewa, na wa kwanza ndiye akawa huyu.

"Profesa," alisema, "siku ile kwenye kamati. Ungesema tu, 'Kazi ni yake.'"

Mzee akaanza kukusanya karatasi zake. "Nilisema lolote la uongo?"

"Hapana."

"Nilikwambia ujitangulize au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Basi, mwanangu." Akamgusa bega. "Utanichapia na zile slaidi? Michoro yangu mimi haikai sawa."

Jioni alimsimulia mumewe, jikoni, fundi akiwa anafungua mgongo wa blenda ya jirani juu ya meza. Alisikiliza mpaka mwisho bila mzaha, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na slaidi umemtengenezea?"

"Nimemtengenezea."

"Kwa nini, mama watoto?"

"Angekosea. Angesimama pale aiharibu."

"Si angeiharibu yeye? Jina lake si ndilo la mbele? Wewe ungepoteza nini?"

Tangu barua ije Bi Hali Mbaya hakuwa ametoa chozi, alijikaza kisabuni, alifundisha, alisahihisha, alisalimia watu. Sasa akatafuta jibu la kumpa mumewe, jibu la mtu mzima mwenye akili zake, akalikosa. Alijua tu kwamba ni yake. Ni yake, na hakuna mahali pa kwenda kulisema hilo, kwa sababu mbele ya kamati nzima ameshapongezwa kwa kuikataa.

Fundi akaweka bisibisi chini, akamvutia kiti, naye akaketi akalia.